Mistari Tisa Chini ya Chupa ya Chai

Niliwahi kuipa chupa ya chai alama kumi kwa mia. Kumi! Mimi mwenyewe, pamoja na ubutu wangu wote wa hesabu, shuleni sikuwahi kupata kumi, na mwalimu wetu alikuwa mtu wa roho mbaya kweli kweli. Chupa yenyewe ilikuwa ya mama mdogo, ya bati, nyekundu, imechorwa tausi ubavuni, na kwa miaka ilikuwa ndiyo inayotulisha mimi na yeye. Lakini siku hizo nilikuwa na cheti cha takwimu, ubao wa kuandikia wenye kibanio, na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuwa napitika mlangoni kwa kujiona.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni na sukari, tuliozoea duka lenye rafu tupu na muuzaji anayesinzia, tuliamka tukakuta Kariakoo imefurika vitu mpaka katikati ya njia. Sahani za kila rangi, redio za kaseti mbili, miavuli inayofunguka yenyewe, mitumba marobota kwa marobota. Watu walinunua kwanza, kazi yake wakauliza baadaye. Msinicheke, mimi nilinunua kidude cha kukatia yai la kuchemsha liwe vipande vyembamba, na kwetu yai lilikuwa chakula cha mgonjwa.

Basi, mtafiti mmoja akatafuta vijana wa kuzunguka madukani kupima bidhaa hizo zinazomiminika. Alitaka kujua kipi kinadumu, kipi kinatengenezeka, kipi kikifa kinageuka kitu kingine, na kipi kinaishia jalalani tu. Siku hizi jambo hilo lina jina lake la heshima, uchumi wa mzunguko, na watu wanalifanyia semina hotelini wakiwa na chupa za maji mezani. Sisi tulikuwa na fomu ya kurasa mbili, wino umefifia, na nauli ya kwenda na kurudi.

Mtafiti mkuu alikuwa mwanamume mpole, mvaaji wa suti za Kaunda. Alitufundisha nusu siku. Fomu ilikuwa na maswali manne: kitu hiki kinadumu muda gani, kimetengenezwa mara ngapi, kikiharibika sehemu zake zinatumika tena, na mwisho wa maisha yake kinakwenda wapi. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku cha jumla, alama kwa mia. Tulipomuuliza hizo alama tunazipataje, akasema, "Mtumie busara." Hapo ndipo alipokosea, maskini, maana mimi busara sikuwa nayo, nilikuwa na cheti.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa mafundi bati wa Gerezani. Fundi mmoja alikuwa anamalizia koroboi aliyoiunda kwa kopo la maziwa. Nikakohoa kidogo, nikasoma swali la nne kama lilivyoandikwa. "Bidhaa hii ikifika mwisho wa maisha yake, inakwenda wapi?"

Akaitazama koroboi, akanitazama mimi. "Mwisho upi, dada?"

"Mwisho wake."

"Ikitoboka naiziba. Ikishindikana kuziba, naikata nafanya mfuniko. Mfuniko ukichoka, natoa washa za misumari ya bati."

"Na hizo washa?"

"Washa ipo juu ya paa la mtu, dada. Nipande nikaiulize?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa kazini. Nikaandika kwa wino wa bluu, herufi safi kabisa: Hajui.

Nilikuwa naishi Magomeni kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu wa tumbo moja. Tulikuwa na chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita, na kitanda kimoja, mimi ukutani, yeye upande wa mlango. Alikuja Dar kutoka Masasi baada ya kufiwa na mumewe, akaanza kuuza chai. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa uani anachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi na mchaichai, anaijaza kwenye chupa nne, anazipanga kwenye kapu la ukili, anajitwika, anakata Jangwani kwa miguu mpaka mjini. Wateja wake walikuwa wauza vitambaa wa Kariakoo na makarani wa Mchafukoge. Chai iliyotoka jikoni alfajiri ilitakiwa iunguze ulimi saa nne, na ya mama mdogo iliunguza. Ukiuliza mtaani, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Alikuwa na binti wa miaka sita aliyemwacha kwa bibi yake Masasi. Mwaka uliokuwa unakuja mtoto alikuwa aanze darasa la kwanza, na mama mdogo alikuwa ameapa kwamba ataanzia Dar, mbele ya macho yake. Tatizo lilikuwa pa kulala. Nafasi ya yule mtoto kitandani nilikuwa nimeilalia mimi, mtu mzima na miguu yangu mirefu. Mwenye nyumba alikuwa na chumba kidogo uani, akasema atampa mama mdogo endapo atapata mteja wa kudumu, asije kuwa mtu wa leo ninacho kesho sina.

Na mteja akapatikana. Ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, iliyokuwa ghorofa ya pili pale Mchafukoge, ilitaka chai ya saa nne kila siku ya kazi, watu thelathini. Bosi wao alitoa sharti moja tu. "Mama, iwe ya moto. Ikija ya uvuguvugu siku moja, usirudi." Mama mdogo alirudi nyumbani anaimba. Jioni ile alinunua daftari la mistari mipana na penseli yenye kifutio, akaviweka chini ya godoro upande wake. Nilivihisi kila nilipojigeuza.

Sasa nieleze kidogo habari za chupa. Chupa ya chai ni ganda la bati kwa nje na kioo cha kuta mbili kwa ndani. Ganda halifi leo wala kesho. Kinachokufa ni kioo: ukikigonga, ukikiangusha, au ukikimiminia chai inayochemka ghafla kikiwa cha baridi, unasikia chwaa, ukitikisa unasikia vigae. Hapo unakwenda kwa fundi. Fundi wa mama mdogo alikuwa mzee mmoja aliyekaa kwenye baraza la duka, Mtaa wa Sikukuu. Duka lilikuwa la familia ya Kihindi, tangu enzi za babu yao wanauza vioo vya chupa, tambi za majiko ya mafuta, chemni za taa na mipira ya kila kitu kinachovuja. Mzee ananunua kioo ndani ya duka, anakifunga nje barazani. Anafungua kitako, anamwaga vigae, anakalisha kioo kipya juu ya kipira chake. Kisha anaweka sikio kwenye mdomo wa chupa, anafumba macho, anasikiliza. Kioo kizima kinavuma. Akiridhika anachukua msumari, anachora mstari mmoja ndani ya kitako, anafunga. Kila kioo mstari mmoja, na hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu yake yote ya kazi.

Jumamosi moja nilikuwa nimebakiwa na fomu tupu na uvivu mwingi. Nikaona kwa nini niende mbali. Nikaichukua chupa ya tausi, nikaifungua kitako. Nikahesabu mistari tisa.

Fomu ilikuwa inauliza kimetengenezwa mara ngapi. Haikusema nyingi ni uzuri au ubaya. Hapo ndipo nilipotumia ile busara. Nikajiambia, mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu mara tisa ni mtoto gani huyo? Si mtoto mzuri. Nikaanza na mia, kila tengenezo nikakata kumi. Zikabaki kumi. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, nikaizungushia duara, nikakaa nikiitazama kwa raha zote.

Jumatatu nikaenda lile duka la Mtaa wa Sikukuu. Rafu ya mbele walikuwa wamepanga chupa za aina mpya, za kubonyeza: ganda la plastiki, maua ya zambarau, kichwani kuna kibonyezo, ukikibonyeza chai inatoka yenyewe bila kuinamisha. Nikamsalimu mwenye duka, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, nikamuuliza, "Hii imetengenezwa mara ngapi?"

"Dada, imefika juzi."

"Kwa hiyo hata mara moja bado?"

"Bado," akasema, ananiangalia kama ananiogopea.

Haina mstari hata mmoja! Nikaipa mia, halafu nikakata tano ili nisionekane nimependelea. Tisini na tano. Nilitoka pale natembea katikati ya barabara.

Jioni mama mdogo alikuwa anachambua mchele. Nikamkalia mbele na ubao wangu. "Mama mdogo, chupa zako zimefeli."

"Zimefeli nini?"

"Mtihani."

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Alipoona mimi sicheki, naye akaacha. Ile ofisi ya Mchafukoge ilikuwa ianze wiki iliyofuata, na sharti la bosi lilikuwa linamkosesha usingizi. Nilijua, maana tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Nikamsifia ile ya kubonyeza niliyoiona dukani. Akauliza, "Hiyo mpya inatunza moto?"

"Ina tisini na tano."

"Nimekuuliza moto."

"Mama mdogo, tisini na tano! Yako ina kumi."

Nikamfungulia karatasi. Yeye alisoma mpaka darasa la nne, na cheti changu kilikuwa kimetundikwa ukutani ndani ya fremu. Aliitazama ile kumi nyekundu muda mrefu, kidole juu ya duara. Halafu akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu. Mimi nitajua nini?" Ningekuwa na akili, maneno hayo yangenitia hofu. Mimi yalinivimbisha kichwa.

Tukaenda kwa mzee fundi, maana yeye pia alinunua chupa kuukuu. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia kapu.

"Unaziuza zote, bibie?" akamuuliza mama mdogo.

"Zote. Mtoto kazipima."

Mzee akanigeukia. "Umezipima kwa sikio?"

"Kwa fomu," nikasema.

"Aha."

Aha, basi. Nimewahi kutukanwa na makondakta, na wauza samaki, na mwenye nyumba wetu akiwa amekunywa, lakini hakuna tusi lililoniingia kama ile aha, ingawa lilichukua wiki tatu kufika. Mzee akaishika chupa ya tausi. Mkono wa chupa hiyo uliwahi kukatika, mama mdogo akaufunga kwa waya wa shaba, mizunguko kumi na kitu, imekazwa vizuri. "Hata hii?" akauliza. Mama mdogo akaugusa ule waya, akautazama, akaniangalia mimi. Nikaitikia kwa kichwa, kwa uhakika. Akaiachia. Tukaondoka na chupa mbili kubwa za kubonyeza, na mimi ndiye niliyezibeba, maua ya zambarau yakitazama watu.

Wiki mbili mambo yalikuwa poa. Chai ilifika ya moto, watu wa ofisini walifurahia kubonyeza, wengine walikuja kujazia kikombe si kwa kiu, ni kwa kutaka kubonyeza tena. Mwenye nyumba alianza kutoa makopo yake ya rangi kwenye kile chumba cha uani. Mama mdogo alipima dirisha kwa shubiri apate kukata pazia. Mimi nilikuwa nazungumza na majirani nikiwa nimeshika kiuno.

Wiki ya tatu, pale Jangwani, mama mdogo alitua kapu juu ya jiwe apumzike shingo. Akasikia chwaa.

Siku ile ile tukaenda Mtaa wa Sikukuu. Mzee akaigeuza chupa, akaigeuza tena, akatafuta pa kufungulia, hakuna. Kitako kilikuwa kimegandishwa kwa gundi. Akapasha kisu kwenye jiko la mkaa la muuza kahawa, akakata taratibu, jasho likimtoka, mpaka kikaachia. Akamwaga vigae. Akaingia dukani, mwenye duka akatoka naye mikono imejaa vioo: kidogo, cha kati, kikubwa. Wakajaribu kimoja kimoja. Kimoja kifupi, kingine kinene, kingine kinaingia lakini shingo haifiki. Mzee akakizungushia mpira, akaweka sikio, akatikisa kichwa.

"Kinacheza," akasema. "Ukitembea nacho hatua mia, kwisha."

Mwenye duka akavua miwani. "Dada, kwa hii kioo hakuna. Zinakuja nzima tu. Mimi nimeuliza huko zinakotoka, nipeni na vioo, wananijibu ikivunjika mteja anunue nyingine." Aliona aibu, nakuapia, mtu ambaye babu yake alikuwa anauza vioo hapo hapo.

Nikamuuliza mzee, sauti imeshapungua, "Sasa hii inakwenda wapi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea mfereji wa maji machafu, palipokuwa na rundo la takataka. "Pale."

Katika kazi yangu yote, huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kulijibu swali la nne kwa neno moja.

Mama mdogo akasema taratibu, "Mzee wangu, zile chupa zangu?"

"Ziliondoka siku ile ile, bibie. Chupa ile ya tausi haikukaa hapa hata mpaka adhuhuri." Kisha akanitazama, na hapo ndipo ile aha iliponifika, yote kwa pamoja.

Ikabaki chupa moja. Siku nne hivi, nayo kibonyezo kikagoma, ikawa inatoa upepo badala ya chai, na mfuniko ukawa haukazi, moto unapita pembeni. Pesa ya kununua nyingine ilikuwa imeishia kwenye zile mbili. Kutafuta chupa za bati za kuazima tulitafuta, Magomeni nzima, lakini mwenye chupa nzuri hamwazimi mtu. Siku iliyofuata mama mdogo akangoja mpaka saa tatu ndipo akachemsha chai, akaiweka kwenye birika kubwa, akalifunga kwa kanga mbili, mimi nikavua sweta langu la mtumba nikalifunga juu yake. Nikasema nitabeba mimi, mimi nina miguu mirefu. Tulikimbia, jamani. Tulikata Jangwani tunakimbia, mama mdogo nyuma ameshika viatu mkononi, mimi mbele nimekumbatia birika kama mtoto mgonjwa, na kila baada ya muda naingiza kiganja chini ya sweta kupima. Kwa kiganja! Mtu wa fomu mimi.

Tulifika saa nne kasoro. Bosi akamiminiwa kikombe. Akaonja. Akakiweka chini bila kelele, akasema, "Asante mama," kwa adabu kabisa. Tulikuwa katikati ya ngazi tunashuka tarishi alipotufikia, mtu mzima, anaona haya. "Mama, anasema kesho usijisumbue."

"Sawa, baba," akajibu mama mdogo.

Mimi nikaanza kulia pale pale kwenye ngazi. Hebu fikiria, mwenye kosa ndiye anayelia. Mama mdogo alikuwa anakunja kanga zake, pembe kwa pembe. Akaniambia, "Futa kamasi, watu wanapita."

Mama mdogo hakuniita tena "mwanangu" kwa muda. Akiniita aliniita "wewe mwenye fomu," mbele za watu, na majirani nao wakadaka. Chumba cha uani akapewa fundi cherehani. Krismasi ilipokaribia alipatikana mtu wa kwenda Masasi, na aliyepeleka kifurushi kituoni ni mimi: daftari la mistari mipana na penseli yenye kifutio. Mtoto alianza darasa la kwanza kule kule kwa bibi yake. Usiku nikawa najigeuza na chini ya godoro hakuna kitu, na niliumia zaidi kuliko vilipokuwepo. Mpaka leo nikikumbuka ule upande mtupu naona aibu.

Nilikwenda kwa mtafiti mkuu. Safari nzima nilikuwa najizoeza hotuba kali. Nikamweleza kwamba swali la pili nimelisoma kichwa chini miguu juu. Kwamba mistari tisa maana yake ile chupa imerudi kazini mara tisa, ina kioo chake, ina duka lake, ina fundi wake. Na kwamba isiyo na mstari haina mstari kwa sababu ikivunjika hakuna wa kuishika. Alinisikiliza vizuri, akavua miwani, akaifuta. "Una hoja," akasema. "Ila stenseli zimeshakatwa."

Enzi hizo ripoti ilipigwa kwenye stenseli, karatasi za nta, na kurekebisha jedwali zima ilikuwa kazi ya kupiga upya. Ningeweza kung'ang'ania. Ningeweza kusema basi nipeni nipige mwenyewe. Nikasema, "Sawa, mzee." Mdomo ule uliokuwa hauzibiki uani Magomeni, pale ofisini ulizibika kwa neno moja la stenseli.

Semina ya kutoa matokeo ilifanyika asubuhi katika ukumbi mmoja mjini. Nikateuliwa nisome jedwali langu, nikavaa viatu vya kuchuchumia. Nikasimama, nikasoma yote, na nilipofika pale sikumeza mate wala sikupunguza sauti. "Chupa ya chai ya kubonyeza, tisini na tano. Chupa ya chai ya bati, kumi." Watu wakaandika. Kuna mmoja alipiga makofi.

Saa tano na nusu ikatangazwa chai. Akaingia mama mmoja nisiyemjua, kilemba cha kijani, kapu kichwani. Akapanga chupa zake mezani, nne. Ya tatu ilikuwa nyekundu. Sikuhitaji kumwona tausi, niliuona waya.

Nilipanga foleni kama wengine. Akanimiminia. Nikapiga funda moja kubwa bila kupuliza, nikaungua ulimi mpaka machozi yakanitoka, na jirani yangu akaniambia pole, hii chai ni moto kweli. Nikasimama pembeni na kikombe changu mpaka chupa zote zikamalizika. Yule mama alipoanza kupanga vitu nikajifanya namsaidia. Nikaishika ya tausi, nikageuza, nikafungua kitako. Mistari tisa ya zamani, imefifia, na pembeni yake wa kumi, unang'aa.

"We dada, vipi?" akasema yule mama. "Chupa yangu imekukosea nini?"

"Umeipata wapi?"

"Kwa mzee wa Sikukuu. Kuna mtu aliziuza zote nne, sijui alikuwa na shida gani masikini. Mzee kaniambia chukua hii, utakuja kunishukuru. Na kweli, imenipa ofisi moja Mchafukoge, watu wa mizigo ya bandarini, kila siku."

"Niuzie."

Alicheka kicheko cha wazi, hakikuwa na ubaya. "Nikuuzie hii? Halafu mimi nikale kwako?" Akaichukua mikononi mwangu, akakaza kitako vizuri, akaweka sikio mdomoni mwa chupa asikie kama nimemharibia. Kisha akajitwika kapu, akaondoka.

Nilirudi Magomeni na vile viatu mkononi. Siku hizo mama mdogo alikuwa anakaanga mihogo pembeni mwa nyumba, wateja wa njiani, leo wapo kesho hawapo. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, sinia la mihogo mbele yake, anamenya. Nikaketi chini kwenye vumbi na sketi yangu ya semina, nikamwambia yote, jedwali, makofi, kilemba cha kijani, ofisi, mstari wa kumi. Hakuacha kumenya.

"Mkononi bado upo ule waya wangu?" akauliza.

"Upo."

"Haujalegea?"

"Haujalegea."

"Na chai?"

"Imeniunguza ulimi."

Akaitikia kwa kichwa. Nikasubiri anitukane. Nilitaka anitukane, Mungu ananijua, nilitaka anitaje na ukoo wangu wote ambao ni wake pia. Alimaliza muhogo uliokuwa mkononi, akautupia kwenye maji, akanikazia macho.

"Haya, mwanangu. Safari hii umeipa ngapi?"

Nikanyoosha mkono, nikachukua muhogo mmoja kwenye sinia. Akakigeuza kisu, akanisogezea mpini.

"Basi menya," akasema. Nikamenya.